Graviti inatoka wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mfungamano wa kwantamu na nafasi-wakati

Haya ndo maswali yanayorudi kila mada hii ikiguswa. Nimeyajibu kwa urefu pale panapohitaji urefu na kwa mstari mmoja pale panapotosha. Jambo moja nalisisitiza mapema kwa sababu wengi wanalikosa: kuna sehemu ya habari hii imeshathibitishwa kwa hesabu, kuna sehemu imeshapimwa maabara, na kuna sehemu bado ni dau tu, na hizo tatu zikichanganywa mtu anaondoka na uongo kichwani.

Hivi wazo lenyewe ni lipi, kwa kifupi?

Wazo ni kwamba nafasi, yaani hili jambo la kitu kuwa hapa na kingine kuwa pale, umbali, kushoto na kulia, sio kitu cha msingi. Kilicho chini yake ni mfungamano wa kwantamu, yaani ule uhusiano wa ajabu kati ya vitu vidogo kama elektroni ambao nitaueleza chini kidogo. Sehemu mbili zikifungamana sana zinakuwa jirani, mfungamano ukipungua zinasogea mbali, ukiisha kabisa hakuna tena nafasi inayoziunganisha, sio kwamba ziko mbali sana, hapana, hakuna njia yoyote ya kutoka huku kwenda kule. Na graviti ni vile hiyo nafasi inavyojipinda mfungamano ukibadilika.

Ngoja kwanza, graviti si ni nguvu inayovuta vitu chini?

Hivyo ndivyo Newton alivyoiandika mwaka 1687 na kwa kujenga nyumba au daraja inatosha kabisa. Ila Einstein Novemba 1915 alionyesha kwamba hakuna kuvuta, kuna nafasi na wakati vilivyoshikana kuwa kitu kimoja, nafasi-wakati, na kitu kizito kinaipinda, na sisi tunafuata mpindo. Sio falsafa hiyo. Saa za satelaiti za GPS zinakimbia kuliko za chini kwa kama sehemu 38 za milioni za sekunde, yaani mikrosekunde 38, kila siku, na zisiporekebishwa ramani ya simu yako ingekosea kwa kilomita kadhaa ndani ya siku moja tu. Kwa hiyo ukiuliza graviti inatoka wapi, kiukweli unauliza nafasi-wakati inatoka wapi. Ni swali moja.

Na mfungamano wa kwantamu ni nini hasa?

Chukua elektroni mbili zilizotengenezwa pamoja kwa namna ambayo spini zao, yaani ule mzunguko wa ndani ambao ukiupima unasema juu au chini tu, zikijumlishwa ni sifuri. Ukiipima moja ikasema juu, nyingine lazima iseme chini, hata ikiwa mbali namna gani. Hapo mtu anasema ah, si majibu yalikuwa yameshaandikwa ndani yake tangu mwanzo. Ndivyo Einstein, Podolsky na Rosen walivyotaka iwe kwenye karatasi yao ya Mei 1935, walisema nadharia ya kwantamu haijakamilika, kuna kitu imekificha. Halafu mwaka 1964 John Bell, mtu wa Belfast aliyekuwa anafanya kazi CERN, maabara ya chembe ya Ulaya, akatoa njia ya kupima: kama majibu yameandikwa ndani na hakuna kinachosafiri kupita spidi ya mwanga, basi uwiano wa matokeo ukipima kwa pembe tofauti hauwezi kuvuka kikomo fulani. Walipopima, kikomo kikavukwa. John Clauser alianza miaka ya 70, Alain Aspect akaboresha miaka ya 80, Anton Zeilinger akaendeleza, na mwaka 2022 wote watatu wakapewa Nobel. Wachina kwa satelaiti yao Micius mwaka 2017 waligawa fotoni, yaani chembe za mwanga, zilizofungamana kwa vituo viwili vya ardhini vilivyoachana zaidi ya kilomita 1,200 na kikomo cha Bell bado kilivukwa.

Maana yake ni kwamba hali ya jozi ipo kamili, lakini hali ya kila chembe peke yake haipo kamili. Habari imekaa kwenye uhusiano, haijakaa kwenye chembe. Shika hiyo sentensi maana yote yanayofuata yanasimama juu yake.

Basi naweza kutuma meseji haraka kuliko mwanga?

Hapana. Wewe upande wako unaona matokeo ya bahati nasibu tu, uwiano unaonekana pale mnapokutanisha madaftari yenu, na kukutanisha madaftari kunahitaji njia ya kawaida.

Sasa chembe mbili za maabara zinahusiana vipi na nafasi nzima ya ulimwengu?

Hapa wengi wanapotea kwa sababu wanadhani nafasi tupu ni tupu. Kwenye nadharia ya kwantamu nafasi tupu imejaa nyuga, yaani vitu vilivyotanda kila mahali, uga wa sumaku-umeme, uga wa elektroni na kadhalika, na hata zikiwa kwenye hali ya chini kabisa ya nishati, uga wa sehemu hii umefungamana na uga wa sehemu ya jirani. Kila mahali. Ukichora mpira wa kufikirika katikati ya chumba, kilicho ndani ya mpira kimefungamana na kilicho nje, na ukipiga hesabu ya mfungamano huo ni kiasi gani unakuta haufuati ujazo wa mpira, unafuata eneo la ngozi yake. Mark Srednicki aliandika hesabu hiyo mwaka 1993, na Rafael Sorkin na wenzake walishaigusa mwaka 1986. Na ukijaribu kuukata huo mfungamano wote kwenye mpaka, nishati inayohitajika inapanda bila kikomo. Yaani nafasi tupu, ile laini tuliyoizoea, ni tupu na laini kwa sababu imefungamana hivyo. Mi naona hii peke yake ilitakiwa iwafanye watu washtuke mapema zaidi.

Nani alianza kuunganisha haya mambo?

Mashimo meusi yalianza, watu wakafuata.

Mwanzoni mwa miaka ya 70 pale Princeton, John Wheeler alimuuliza mwanafunzi wake Jacob Bekenstein swali la chai: nikichanganya chai ya moto na ya baridi nimeongeza entropia ya ulimwengu, yaani kipimo cha vurugu, nikiitupa hiyo chai ndani ya shimo jeusi nimefuta ushahidi, sasa sheria ya pili ya thamodainamiki, inayosema entropia ya jumla haipungui, imekufa? Bekenstein akakataa kuiacha sheria ife. Akasema shimo jeusi lenyewe lazima liwe na entropia, na entropia hiyo inafuata eneo la uso wa upeo wake, ule mpaka ambao kitu kikishauvuka hakitoki tena. Hawking alimpinga, halafu mwaka 1974 akapiga hesabu zake mwenyewe akakuta shimo jeusi lina joto na linatoa mionzi, kumbe Bekenstein alikuwa sahihi, na namba ikatoka: entropia ni eneo gawanya kwa 4, ukipima eneo kwa vipimo vya Planck. Urefu wa Planck ni kama mita 1.6 gawanya kwa 1 yenye sifuri 35, ni mdogo mno. Kwa hiyo shimo jeusi lenye uzito wa Jua letu, ambalo nusu kipenyo chake ni kilomita 3 hivi, lina entropia ya kama 1 yenye sifuri 77 nyuma yake. Jua lenyewe likiwa hai lina kama sifuri 58.

Angalia kilichotokea hapo. Entropia ni hesabu ya njia ngapi vitu vidogo vya ndani vinaweza kupangika, na sote tulitegemea ifuate ujazo, kwa sababu ukiongeza nusu kipenyo mara mbili ujazo unapanda mara 8. Hii inapanda mara 4 tu. Ina maana nafasi yenye graviti haina uhuru mwingi kama inavyoonekana kwa macho, habari yake yote inatosha kwenye ngozi. Gerard 't Hooft alilisema hilo mwaka 1993, Leonard Susskind akalifuata, na ndo likaitwa kanuni ya hologramu. Na umeshaona kwamba mfungamano wa nafasi tupu nao unafuata eneo. Sheria mbili zinazofanana hivyo, moja ya graviti na moja ya kwantamu, haikuwa rahisi kuamini zimekutana njiani kwa bahati.

Kwa hiyo sisi ni hologramu?

Sentensi hiyo inauza video, ila ukweli wake unategemea ulimwengu upi unaouzungumzia. Novemba 1997 Juan Maldacena, Muargentina aliyekuwa Harvard wakati huo, alipata mfano mahususi. Kuna aina ya nafasi-wakati inaitwa anti-de Sitter, imepinda kwa ndani kwa namna ambayo ina ukingo, na graviti yote inayotokea ndani yake ni sawasawa na nadharia ya kwantamu ya kawaida, isiyo na graviti hata chembe, inayoishi kwenye ukingo. Neno ni sawasawa, sio inafanana, ingawa kihesabu bado ni dhana yenye ushahidi mwingi sana, sio uthibitisho kamili. Kila swali la ndani lina jibu kwenye ukingo. Nadharia ya ukingoni ina vipimo pungufu, kama picha ya bapa ilivyo na urefu na upana tu bila kina, kwa hiyo kile kipimo cha ziada cha ndani, ule "undani", haupo kwenye maelezo ya ukingo, unajitokeza. Swali lililobaki lilikuwa unajitokeza kutoka kwenye nini.

Na jibu likawa mfungamano? Nani alionyesha?

Watu wawili kwanza, Shinsei Ryu na Tadashi Takayanagi, Wajapani, mwaka 2006 wakiwa Santa Barbara, California. Walisema hivi: gawa ukingo vipande viwili, uliza vipande hivyo vimefungamana kiasi gani. Halafu nenda ndani, tafuta uso mdogo kuliko zote unaoweza kutenganisha vipande hivyo, pima eneo lake, gawa kwa 4. Namba ni ileile. Ni fomula ya Bekenstein na Hawking, ila safari hii haihitaji shimo jeusi, inafanya kazi kwenye nafasi ya kawaida. Ukinibana nichague mstari mmoja wa hesabu kutoka miaka 30 iliyopita ya fizikia, nachagua huo. Upande wa kushoto wa mlinganyo kuna kitu cha kwantamu tupu, upande wa kulia kuna jiometri.

Halafu akaja Mark Van Raamsdonk wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, akauliza swali la ujasiri: je nikiupunguza huo mfungamano kidogo kidogo kitatokea nini ndani? Fuata hoja yake polepole. Mfungamano ukipungua, eneo la uso unaotenganisha pande mbili linapungua, yaani kiuno cha nafasi kinabanwa. Wakati huohuo uwiano kati ya pande mbili unadhoofika, na uwiano kudhoofika ndani ya nafasi ni sawa na umbali kuongezeka. Kwa hiyo pande mbili zinaachana huku shingo inayoziunganisha inakuwa nyembamba, nyembamba, na mfungamano ukifika sifuri shingo inakatika na unabaki na nafasi mbili zisizojuana. Jarida moja lilimkatalia karatasi yake. Akaandika upya kama insha fupi, na insha ikashika nafasi ya kwanza kwenye shindano la Gravity Research Foundation mwaka 2010.

Mi huwa naifikiria kama mkeka. Hamna mkeka uliofichwa chini ya ukindu, mkeka ndo ukindu wenyewe ukisukwa, ukifumua ukili mmoja mmoja hufiki mahali ukasema hapa nimeukuta mkeka wenyewe, na ukimaliza kufumua hakuna pa kulala. Ukindu bado upo wote. Kilichoondoka ni msuko. Van Raamsdonk alisema nafasi ni msuko.

Mwaka 2009 Brian Swingle, alikuwa bado mwanafunzi MIT, aliona kitu hichohicho akitokea upande mwingine kabisa, fizikia ya vitu yabisi kama metali na fuwele. Wale watu wana michoro ya kupanga mfungamano wa chembe nyingi, inaitwa mitandao ya tensa, na yeye akagundua kwamba mchoro wenyewe ukiutazama umbo lake ni lile la nafasi ya Maldacena, na kipimo cha ndani kinatoka chenyewe kwenye ngazi za mfungamano.

Sawa nafasi nimeelewa, graviti yenyewe iko wapi hapo?

Swali zuri na wengi hawaliulizi. Kuwa na nafasi hakutoshi, lazima nafasi hiyo itii milinganyo ya Einstein, la sivyo ni jiometri ya bure tu.

Ted Jacobson wa Maryland alionyesha njia mwaka 1995. Alichukua mambo mawili, kwamba kila upeo una entropia inayofuata eneo, na kwamba joto linalopita kwenye upeo ni halijoto mara badiliko la entropia, ile ya thamodainamiki ya kawaida ya karne ya 19. Akadai hayo mawili yawe kweli kila mahali kwa kila mtazamaji anayeongeza kasi. Mlinganyo wa Einstein ukatoka. Yaani unafanana na sheria ya gesi, ile ya presha na ujazo, ambayo ni kweli kabisa lakini haikuambii lolote kuhusu molekuli moja, kwa sababu molekuli moja haina presha. Halijoto na presha ni vya kundi. Jacobson alisema huenda mlinganyo wa graviti ni wa kundi vilevile.

Halafu mwaka 2013 Van Raamsdonk na wenzake, akina Thomas Faulkner, Monica Guica, Thomas Hartman na Robert Myers, wakaichukua fomula ya Ryu na Takayanagi wakauliza: mfungamano wa ukingo una sheria yake, ukisukuma hali kidogo badiliko la mfungamano lazima lilingane na badiliko la nishati kwa namna fulani. Sheria hii ni ya kwantamu tupu, hakuna aliyetaja graviti. Ukiitafsiri kwa lugha ya ndani kwa kila mpira unaoweza kuchorwa ukingoni, unapata milinganyo ya Einstein kwa mipindo midogo. Baadaye, 2017, wakasogea hatua ya pili, mipindo mikubwa kidogo. Kwa hiyo ndani ya ulimwengu wa Maldacena sio mashairi tena, angalau kwa graviti dhaifu imeonyeshwa.

ER = EPR ni kitu gani, naiona kila mahali.

Kumbuka ile karatasi ya Mei 1935 ya Einstein, Podolsky na Rosen, herufi zao EPR. Miezi miwili tu baadaye Einstein na Rosen wakatoa nyingine kuhusu daraja linalounganisha sehemu mbili za nafasi, ER, watu siku hizi wanaliita shimo la mnyoo. Einstein hakuwahi kusema zinahusiana. Juni 2013 Maldacena na Susskind wakasema ni kitu kimoja, kwamba mashimo meusi mawili yakifungamana kikamilifu yameunganishwa kwa ndani na daraja la aina hiyo. Walisukumwa na ugomvi wa mwaka uliotangulia, ambapo Ahmed Almheiri, Donald Marolf, Joseph Polchinski na James Sully walionyesha kwamba ukitaka mionzi ya Hawking ihifadhi habari na upeo uwe shwari kwa anayeingia, unailazimisha chembe moja ifungamane kikamilifu na wawili kwa mpigo, na kwantamu hairuhusu hilo. Daraja linatoa njia ya kutoka: huenda hao "wawili" ni mmoja.

Kwa mashimo meusi makubwa hoja ina nguvu. Kwa elektroni mbili kudai zina kidaraja kati yao ni kunyoosha sana, jiometri ya kawaida haina maana kwenye kipimo hicho, na anayekuambia imethibitishwa anakudanganya. Pia daraja halipitiki hivihivi, mwanga wenyewe hauwahi kufika ng'ambo kabla halijajifunga.

Kama nafasi imesukwa kwa kitu dhaifu kama mfungamano mbona haiporomoki?

Hili ndo napenda kulijibu. Mwaka 2014 Almheiri huyohuyo, ambaye ni Mwimarati, pamoja na Xi Dong na Daniel Harlow waligundua kwamba ukingo unahifadhi habari za ndani kwa njia ileile ambayo watu wa kompyuta za kwantamu wanatumia kuzuia makosa. Unachukua habari ya kyubiti moja, yaani kipande kidogo kabisa cha habari ya kwantamu, unaitawanya kwenye mfungamano wa nyingi, ili ukipoteza kadhaa bado unairudisha yote. Mfano mdogo kabisa una sehemu tatu, sehemu yoyote moja peke yake haijui lolote, mbili zozote zinajua kila kitu. Nukta iliyo katikati ya nafasi ya Maldacena iko hivyo, unaweza kufuta kipande kizima cha ukingo na nukta bado ipo, na kadiri nukta inavyokuwa ndani zaidi ndivyo inavyohitaji kufuta kipande kikubwa zaidi kuipoteza. Yaani kuwa "ndani" ni kulindwa vizuri. Mwaka uliofuata Fernando Pastawski, Beni Yoshida, Harlow na John Preskill wakajenga mfano kamili kwa pembetano zilizopangwa, unaweza kuuchora kwenye karatasi.

Na wakati nao unatokana na mfungamano?

Hapa tupunguze mwendo. Kwenye mfano wa Maldacena wakati upo tayari ukingoni, hautokezwi, kinachotokezwa ni kipimo cha ndani. Don Page na William Wootters mwaka 1983 walipendekeza kwamba ulimwengu mzima umesimama tuli na wakati ni mfungamano kati ya sehemu inayofanya kazi ya saa na sehemu nyingine zote, ni wazo zuri ila halijaunganishwa vizuri na haya ya juu. Na kuna dalili kwamba mfungamano hautoshi: ndani ya shimo jeusi daraja linaendelea kurefuka muda mrefu sana baada ya mfungamano kufika kikomo chake na kusimama. Susskind mwaka 2014 akasema kinachokua hapo ni ugumu wa hali yenyewe, yaani hatua ngapi zinahitajika kuitengeneza.

Basi ulimwengu wetu ndivyo ulivyo?

Haijulikani, na hili lisifunikwe. Nafasi ya Maldacena ina ukingo na nguvu yake ya usuli inabana ndani. Yetu mwaka 1998 ilionekana kwa supanova, nyota zinazolipuka, za mbali kwamba inatanuka kwa kuongeza mwendo, nishati ya giza inayoisukuma ina alama ya kujumlisha, ya Maldacena ina alama ya kutoa. Yetu haina ukingo unaojulikana wa kubandika nadharia ya kwantamu. Hoja ya Jacobson haihitaji ukingo na ndo maana mi naiwekea matumaini makubwa kuliko wengi, lakini haituambii vile vidogo vilivyofungamana ni vitu gani. Kwa hiyo tunao ulimwengu wa mfano ambamo kuna ushahidi mzito kwamba nafasi inatokana na mfungamano, na tunao wetu, na daraja kati ya hizo mbili halijajengwa.

Lakini Google si walitengeneza shimo la mnyoo?

Hapana. Novemba 2022 timu ya akina Daniel Jafferis na Maria Spiropulu walitumia kyubiti 9 za Sycamore, kompyuta ya kwantamu ya Google, kuendesha mfano mdogo sana, uliorahisishwa kwa programu ya kujifunza, ambao kwa lugha ya hologramu unafanana na habari kupita kwenye daraja. Hakuna nafasi iliyotobolewa maabara. Mwaka uliofuata wanafizikia wengine wakaonyesha kwamba mfano ulivyorahisishwa hivyo tabia walizozisherehekea zinaonekana hata kwa mifumo isiyo na uhusiano wowote na graviti. Wandishi wa habari walikimbia mbele ya karatasi.

Nafasi ina pikseli basi, imekatwa vipande vidogo?

Sio lazima, na pikseli za kawaida zina matatizo. Mei 2009 darubini ya angani ya Fermi ilinasa mlipuko wa mionzi ya gama, fotoni moja yenye nishati ya GeV 31, mabilioni ya mara kuliko ya mwanga tunaouona, ilisafiri zaidi ya miaka bilioni 7 ikafika ndani ya sekunde moja tangu mlipuko uanze kuonekana. Kama nafasi ingekuwa na punje za ukubwa wa Planck zinazochelewesha mwanga wenye nishati kubwa kwa njia ya moja kwa moja, ingechelewa. Mfungamano hauna shida hiyo kwa sababu hauko mahali, mahali ndo panatoka kwake.

Kuna jaribio lolote linalokuja?

Kuna moja nalisubiri kwa hamu. Mwaka 2017 Sougato Bose na wenzake, na kwa upande mwingine Chiara Marletto na Vlatko Vedral, walipendekeza uchukue punje mbili za kama kilo 1 gawanya kwa 1 yenye sifuri 14, kila moja uiweke kwenye hali ya kuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja, uzikaribishe kiasi cha mikroni mia kadhaa zisigusane kwa njia yoyote isipokuwa graviti, halafu uangalie kama zimefungamana. Zikifungamana, graviti imebeba habari ya kwantamu. Ni gumu kweli, punje hizo ni nzito mara nyingi mno kuliko chochote kilichowahi kuwekwa kwenye sehemu mbili zilizoachana kwa umbali kama huo. Na hata likifaulu litathibitisha graviti ni ya kwantamu, halitathibitisha imetokana na mfungamano. Ila likifeli kwa namna safi, sehemu kubwa ya niliyoandika hapa itabidi ifumuliwe.

Hii ndo nadharia ya Verlinde?

Ndugu yake, sio yenyewe. Erik Verlinde wa Amsterdam mwaka 2010 alisema graviti ni nguvu ya entropia, na 2016 akaenda mbali akajaribu kuiondoa maada ya giza, ile isiyoonekana inayodaiwa kuzishika galaksi. Wengi hawajashawishika na hesabu zake, na ukimkataa yeye hujamkataa Ryu na Takayanagi.

Je inathibitisha kwamba sote tumeunganishwa, na uponyaji wa kwantamu ni kweli?

Hapana, na hili linaniuma kwa sababu watu wagonjwa wanatoa hela zao. Mfungamano wa mwili wako unamwagika kwenye hewa na joto linalokuzunguka ndani ya muda mfupi kuliko unavyoweza kufikiria, haubaki na mtu mwingine, haubebi nia ya mtu, haubebi meseji. Mfungamano unaosuka nafasi ni wa nyuga za hali ya chini kabisa, upo sawa kwa jiwe na kwa mgonjwa na hakuna mashine inayouchezea. Mtu akikuuzia bangili ya kwantamu, rudisha. Nenda hospitali.

Nataka kusoma haya kwa kina, nianzie wapi?

Algebra ya mstari kwanza, vekta, matriksi, thamani maalum za matriksi, usiruke. Halafu kwantamu ya mwaka wa pili au wa tatu wa chuo, kwa upande wa kyubiti zaidi kuliko upande wa atomu, utafika kwenye entropia ya von Neumann ambayo ndo kipimo cha mfungamano. Halafu rilativiti ya jumla, yaani ile nadharia ya graviti ya Einstein. Karatasi karibu zote nilizozitaja za kuanzia miaka ya 90 ziko bure kwenye arXiv, hifadhi ya karatasi mtandaoni, ipo tangu 1991 na haikuombi kadi ya benki, na insha ya Van Raamsdonk ya 2010 ni kurasa chache ambazo mwanafunzi wa mwaka wa tatu akikaza anazielewa. Kwa walio Afrika Mashariki kuna taasisi ya ICTP-EAIFR pale Kigali, chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda, ilifunguliwa 2018 na inafundisha fizikia ya nadharia ngazi ya masters na PhD. Angalia tangazo lao la maombi mwenyewe, na ukiwa unasubiri majibu piga hesabu ya mfungamano wa kyubiti mbili kwa mkono, anza na ile hali ya spini iliyojumlishwa sifuri, utapata logi ya 2.